Tairi Haiinuki, au Inainuka Vibaya: Kutafuta Kosa Unapojifunza Wili kwa Skrambla

Kijana akija na malalamiko ya wili, yaani kwenda kwa tairi ya nyuma huku ya mbele iko juu, huwa tayari ana jibu lake: injini ndogo, klachi imekwisha, sproketi (gurudumu la meno la cheni) iliyokuja na pikipiki haifai. Mara mojamoja huwa kweli. Mara nyingi ukimwambia apige mbele yako, huna haja ya kusikiliza injini wala kukagua cheni. Tazama mguu wake wa kulia. Kama vidole vimening'inia pembeni, au vimejificha chini ya kanyagio la breki, ugonjwa umeshaonekana kabla tairi haijaondoka chini. Mwili wa binadamu haukubali kupanda mahali ambapo haujui utashukaje, na kwenye wili ngazi ya kushukia ni breki ya mguu.

Kwa hivyo dalili zote hapa zinasomwa kwa mpangilio huo: mguu kwanza, kisha mikono, chombo mwisho. Nazungumzia skrambla, pikipiki ya njia za vumbi, yenye gia na klachi ya mkono, injini ya cc 125 mpaka 250. Pikipiki ya bodaboda nayo inaweza kuinuka, lakini ni chombo cha kazi, na mwenye nayo anasubiri hesabu yake jioni.

Kwanza uwanja

Kuna matatizo yasiyotoka kwa mpandaji wala kwa pikipiki. Yanatoka ardhini, na Mombasa hayo ni mengi. Ufuoni, Bamburi au Pirates, mchanga mkavu haufai kabisa. Tairi ya nyuma inachimba badala ya kusukuma, halafu ikigusa pagumu inakamata ghafla, na ya mbele inaruka bila wewe kuiomba. Maji yakipwa, mchanga mbichi hushika vizuri, lakini pana watoto, wanaoogelea na ngamia wa watalii, na chumvi itakula cheni, spoki na kila boliti unayoijua.

Tafuta udongo ulioshikana, pande za Mwakirunge au Utange, au ng'ambo huko Mtongwe, kwa ruhusa ya mwenye kiwanja. Utembee kwa miguu kwanza mwanzo hadi mwisho, maana mawe ya matumbawe hukaa chini ya udongo mwembamba na hutoboa tyubu kama si goti. Kiwanja chenye mwinuko kidogo ni bora kuliko cha tambarare: ukipanda kilima uzito wako umeshaegemea nyuma, na ukifunga mafuta, yaani ukirudisha akseleta, pikipiki inapunguza mwendo yenyewe. Wakati wa kusi angalia upepo unatoka wapi. Ukikupiga kifuani unasaidia kuinua. Ukikupiga ubavuni utakusukuma pembeni na utadhani kosa ni lako.

Barabara ya lami si uwanja. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, uendeshaji wa hatari ni kosa, na dereva wa lori linalotoka bandarini kupitia Dongo Kundu hana namna ya kujua kwamba wewe unafanya mazoezi.

Dalili: tairi ya mbele haitaki kuondoka chini

Hii ndiyo inayowapeleka watu kwa fundi bure. Kwanza hakikisha unafanya lile linalotakiwa. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Umekaa nyuma ya kiti, mikono imenyooka bila kukakamaa, macho mbali mbele. Kidole kimoja au viwili juu ya klachi, vidole vya mguu wa kulia juu ya breki. Unavuta klachi kiasi cha injini kuachana na tairi, unapandisha mlio wa injini, kisha unaiachia klachi kwa haraka huku mafuta yakibaki palepale.

Hapo kwenye mafuta kubaki palepale ndipo watu wengi wanapokwama, na dawa yake haiuzwi dukani. Mikono yako imefundishwa na kubadilisha gia. Kila siku unapovuta klachi unafunga mafuta, na mikono miwili imezoea kwenda pamoja kama jambo moja. Sasa wili inataka itengane: wa kushoto uachie, wa kulia utulie. Woga nao unaongeza, kwani sekunde ile unayohisi pikipiki inasukuma, mkono wa kulia unajifunga wenyewe.

Huhitaji kipimo chochote ili kulijua hili, sikiliza. Mwambie mwenzako asimame pembeni arekodi kwa simu, kisha mpige kimya msikilize. Mlio ukianguka papo hapo klachi inapoachiwa, na haupandi tena, umefunga mafuta. Mlio ukishuka kidogo kisha ukakaza, hapo mikono iko sawa na kosa litafutwe kwingine. Mlio ukipanda juu bila pikipiki kusonga, klachi inateleza. Simu moja, mlio mmoja, majibu matatu.

Mkono wa kulia ukiwa ndio mwenye makosa, acha kujaribu kuinua. Endesha gia ya kwanza ukishikilia mlio mmoja usiobadilika, na huku klachi unaivuta na kuiachia kidogo kidogo. Pikipiki itavuta na kuachia, tairi zote mbili zikiwa chini. Fanya mpaka mkono wa kulia usahau kwamba klachi ipo.

Kama mlio uko sawa na bado haiinuki, angalia ulivyokaa. Kinachozuia tairi ya mbele ni uzito ulio mbele ya tairi ya nyuma. Kadiri unavyoukaribisha nyuma, ndivyo injini inavyohitaji nguvu kidogo kuuinua. Anayekaa karibu na tangi huku akivuta usukani kwa misuli anapigana na uzito wake mwenyewe. Mikono haiinui pikipiki, injini ndiyo inayoinua. Mikono inakuzuia tu usiachwe nyuma.

Kisha kuna shoki za mbele, ambazo wanaoanza huzisahau. Bonyeza usukani chini kwa uzito wa mwili, shoki zijikunje. Zinaporudi juu ndipo uachie klachi. Kwa 125 hilo peke yake linaweza kuwa tofauti kati ya kuinuka na kutoinuka.

Sasa ndiyo tuitazame pikipiki. Klachi ijaribiwe hivi: gia ya tatu, mwendo wa wastani, fungua mafuta yote kwa ghafla. Injini ikipiga kelele kabla ya mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Kabla ya kununua pleti za klachi, angalia ulegevu wa mkono wa klachi. Kwa pikipiki nyingi ndogo ncha yake inatakiwa icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Waya uliokazwa kupita kiasi unaifanya klachi isishike yote hata ikiwa mpya. Kisha uliza oili. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo inataka oili yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye mkebe. Oili ya gari ndogo, hasa ile iliyotengenezwa kupunguza msuguano ili kuokoa petroli, inaziponza pleti. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, isiyo na jina wala alama, mimi singeitia hata kwenye jenereta.

Sproketi iwe ya mwisho. Ikiwa mbele una meno 15 na nyuma 45, injini inazungusha sproketi ya mbele mara 3 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Weka 14 mbele, inakuwa karibu mara 3.2, ni karibu sawa na kuacha mbele ilivyo na kuweka 48 nyuma. Jino moja la mbele ni rahisi na linasaidia kweli, ila mwendo wa juu utapungua, na ukifika barabara ya Malindi utalihisi.

Ukishamaliza haya yote na bado unalaumu udogo wa injini, mkumbuke Masaru Abe wa Japani. Mwaka 2017 alikwenda kilomita 500 kwa tairi ya nyuma bila kuishusha ya mbele, akiwa juu ya skuta ndogo ya Yamaha Jog. Kutoka hapa mpaka Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 480. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya mwenzake Yasuyuki Kudo, kilomita 331, ya mwaka 1991. Skuta haina hata klachi ya mkono.

Dalili: inainuka shubiri moja, inashuka hapo hapo

Mikono yako imeshajua kazi. Tatizo ni kwamba hujamaliza kupanda. Kila wili ina mahali pa mizani, pale ambapo pikipiki inakaa juu karibu yenyewe na mafuta yanayohitajika ni machache sana. Chini ya hapo lazima uendelee kuongeza mafuta ili ibaki juu, kwa hiyo mwendo unakua, injini inafika mwisho, tairi inaanguka. Wanaoanza karibu wote wanaishi chini ya mizani na kujaribu kurekebisha kwa kuongeza kasi. Wanapata wili ndefu kidogo na ya kutisha zaidi.

Sababu ya kutofika juu ni mguu. Kijana mmoja aliifikisha skrambla yake kwa fundi wetu wa Kisauni, akasema, "Ami, hii klachi haishiki, ikiinuka inashuka." Mzee hakuinama hata kuiangalia. "Mwanangu, vua hizo champali, uvae viatu, kisha urudi tuzungumze klachi." Champali inateleza juu ya kanyagio, na hata isipoteleza huwezi kuipima breki, ama hujaigusa, ama umeikanyaga yote. Kiatu kinachofunika kifundo, chenye soli ngumu, ndicho kifaa cha kwanza, na kofia ngumu iliyofungwa kidevuni ya pili. Kofia iliyotundikwa kwenye mkono wa usukani inalinda kioo cha pembeni.

Halafu rekebisha kimo cha kanyagio. Ukikaa nyuma ya kiti, unyayo ukiwa juu ya kikanyagio cha kuwekea mguu, vidole vinatakiwa viifikie breki bila kuinua mguu wala kuchovya chini. Pikipiki nyingi zina boliti ya kurekebishia kimo hicho. Ni kazi ya dakika chache, na ni ajabu watu wangapi hawajawahi kuigusa.

Zoezi lenyewe ni kinyume cha unachotamani. Inua tairi, hata shubiri moja, na kabla haijaanza kushuka yenyewe, ishushe kwa breki. Gusa, usikanyage. Kila mara. Usiinue hata mara moja bila kuishusha kwa mguu, mpaka mguu uwe unafanya kabla hujafikiri. Utashangaa kwamba hukujaribu kwenda juu zaidi na bado ulikwenda juu, kwa sababu sasa mwili unajua una pa kushukia.

Dalili: inakuja kwa kishindo, karibu ikupindue kinyumenyume

Hii si ya kujifunza nayo polepole; simamisha mazoezi mpaka ujue chanzo.

Chanzo cha kwanza ni kuiachia klachi yote kwa mkupuo wakati injini iko juu sana. Punguza mlio, si kasi ya kidole. Chanzo cha pili kimejificha kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Pikipiki ikipanda, mwili unarudi nyuma, na kama unaning'inia kwenye usukani, uzito wako wenyewe unazidi kufungua mafuta. Ndiyo maana mtu anasema "ilienda yenyewe". Ishike akseleta kifundo kikiwa chini kidogo tangu mwanzo. Hapo hata ukivutwa nyuma, mkono hauna nafasi ya kuzungusha zaidi. Na bana tangi kwa magoti, usibebwe na mikono.

Chanzo cha tatu ni waya wa mafuta unaokwama. Hewa yetu ya chumvi inauotesha kutu ndani ya ala yake. Injini ikiwa imezimwa, fungua mafuta yote kisha uachie: akseleta lazima irudi yenyewe kwa mlio wa "tak". Ikirudi kwa uvivu, au ikisimama njiani, haipandwi. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, ujaribu tena.

Sasa jambo la kuelewa kabla halijakukuta. Ukiwa chini ya mizani, kufunga mafuta kunatosha, uzito wa pikipiki utaishusha. Ukivuka mizani, uzito uleule unakuvuta nyuma, na kufunga mafuta au kuvuta klachi hakutoshi. Kilichobaki ni breki ya mguu: tairi ya nyuma ikizuiwa, mwili wa pikipiki unazunguka kwenda mbele na tairi ya mbele inarudi chini. Ukishapita hata hapo, achia usukani, shuka kwa miguu nyuma, uiache iende. Plastiki ya nyuma inanunuliwa.

Na kwa kuwa breki hiyo ndiyo roho yako, ikaguliwe kabla ya kila zoezi. Ya ngoma: fito irekebishwe, na ule mkono mdogo unaozungusha viatu vya breki ndani usiwe umeshikwa na kutu, maana Pwani hushikwa. Ya diski: kanyagio likiwa laini kama linabonyea sponji, kuna hewa ndani au mafuta ya breki yamechoka. Mafuta ya DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na hapa unyevu hauna likizo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni kanuni ya kawaida. Kwetu singengoja zaidi ya hapo.

Dalili: inavuta upande mmoja, kushoto hasa

Tazama video uliyopigwa kutoka mbele. Kichwa kimeinama pembeni ili kuiona njia? Basi bega limefuata, na pikipiki imelifuata bega. Ikiwa juu, huoni mbele vizuri. Angalia mbali juu ya ukingo wa usukani, usichungulie. Kama kichwa kimenyooka, angalia viwiko. Mkono wa kushoto ulioachia klachi huwa umelegea, wa kulia umekaza, na usukani unageuzwa bila mwenyewe kujua.

Hewani, kugeuza usukani hakukunyooshi kama chini. Rekebisha kwa goti na kikanyagio: ikienda kushoto, sukuma goti la kushoto kwenye tangi na uweke uzito mguu wa kulia. Mwendo mdogo tu.

Kama mwili uko sawa, piga magoti nyuma ya pikipiki. Pande zote mbili za ekseli ya nyuma kuna alama za kukazia cheni. Zihesabu. Ukikuta kushoto iko alama ya nne na kulia ya tatu, tairi imekaa mshazari na itakupeleka mshazari, juu na chini. Usukani uliopinda kwa kuanguka nao hufanya hivyo hivyo, na ule haunyooshwi, unabadilishwa.

Dalili: injini inakohoa au inazima ikiwa juu

Petroli kidogo. Ukiinua mbele, yote inakimbilia nyuma ya tangi, na kwa zile zenye pampu ndani, pampu inavuta hewa. Kaa nusu tangi kwenda juu. Ikiwa ya kabureta na bado inakohoa, kiwango cha petroli ndani ya bakuli la kabureta hakiko sawa, au kuna uchafu, hasa kama umezoea kununua petroli ya chupa. Oili nayo ipimwe kila siku ya mazoezi, kwa sababu mkao huo huikusanya upande mmoja wa injini, na ikiwa pungufu vyuma vinakauka.

Klachi ikianza kunuka, pumzika kwa muda wa kikombe cha chai. Hiyo haina maelezo zaidi.

Dalili: inatua kwa kishindo na usukani unatikisika

Umefunga mafuta yote ukiwa juu, au umekanyaga breki badala ya kuigusa. Tairi ikikaribia chini, toa breki na ongeza mafuta kidogo. Inatua kama imewekwa. Usukani uwe umenyooka kabla ya kugusa ardhi. Tairi inayotua imegeuka hata kidogo ndiyo inayouchapa usukani kushoto na kulia.

Kutua vibaya kwa wiki kadhaa kunaacha alama, na alama hizo nazo huwa chanzo cha kutikisika. Pitisha kitambaa cheupe kwenye nguzo za shoki za mbele. Kikitoka na oili, sili zimekwisha. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu, na butu mbili zilizo jirani ni kazi ya fundi leo, si Jumamosi. Mwisho, mwenzako aikandamize nyuma mpaka tairi ya mbele iwe hewani, wewe ushike shoki kwa chini na uzisukume mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo juu, shingoni, beringi za usukani zimelegea. Zikazwe kabla hujainua tena.